Kutazama ndege kwenye uwanja wa ndege: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

“Simama popote kando ya uzio, ndege utaziona tu.” Hii ndiyo dhana inayowaharibia wageni siku nzima, kwa hiyo naanza nayo. Ndege huruka na kutua zikielekea upepo unakotoka, kwa sababu upepo wa mbele huyapa mabawa nguvu ya kuinua hata kama mwendo wa ardhini ni mdogo. Upepo ukigeuka, uwanja mzima hugeuka nao, na ulipokuwa ukingoja zinazotua unaona zinazoondoka.

Namba zilizochorwa kwenye njia ya kurukia zitakusaidia. 27 ni nyuzi 270 za dira, yaani ndege inaelekea magharibi. Ncha ya pili ya njia hiyohiyo ni 09. Heathrow, London, ina njia mbili sambamba, na upepo wa magharibi unapovuma njia hizo hupeana zamu saa tisa alasiri: iliyokuwa ya kutua inakuwa ya kuruka. Aliyekaa Myrtle Avenue, kipande cha nyasi karibu na njia ya kusini, anaweza kupitiwa na ndege kubwa juu ya kichwa asubuhi nzima, kisha zinazotua zikahamia njia ya kaskazini. Tazama utabiri wa upepo usiku uliotangulia, ndipo uchague pa kusimama.

Wengine huamini kwamba kupiga picha ndege ni ujasusi. Si kweli kila mahali: Manchester imetenga bustani maalumu ya watazamaji, yenye Concorde, ndege ya abiria iliyoipita kasi ya sauti, ya kutazamwa, na viwanja vya Zurich na Haneda, Tokyo, vina roshani za kutazamia. Ila sheria hazifanani. Novemba 2001 kundi la Waingereza na Waholanzi lilikamatwa Ugiriki kwenye kituo cha kijeshi cha Kalamata. Walitiwa hatiani mwaka uliofuata, kisha wakashinda rufaa. Uwanja unaotumiwa pia na jeshi, uliza kwanza. Askari akikujia, mweleze kwa utulivu unachofanya na umwoneshe picha zako.

“Bila lenzi kubwa usijisumbue.” Darubini na daftari vinatosha kabisa kuanza. Raha yenyewe iko katika kusoma usajili ulioandikwa ubavuni, ambao mwanzo wake hutaja nchi: 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, G Uingereza, N Marekani. Tena lenzi ndefu haishindi mvuke wa joto unaopanda kutoka kwenye lami mchana. Picha hutoka zikiyumba. Asubuhi ndiyo wakati wa picha safi.

Programu za simu za kufuatilia ndege nazo hazioneshi kila kitu. Ndege nyingi za kijeshi hazitangazi mahali zilipo, na za watu binafsi zinaweza kufichwa kwa ombi la mwenyewe.

Na ndege ikighairi kutua ikapaa tena, usidhani imeponea chupuchupu. Marubani hufundishwa hivyo.

Dhana ninayoiogopa zaidi ni kwamba ukiwa nje ya uzio uko salama. Ufukwe wa Maho, Sint Maarten, katika Karibea, uko mwishoni kabisa mwa njia ya kurukia, na watu hung’ang’ania uzio ili wapigwe na upepo wa injini. Mwaka 2017 mwanamke mmoja aliangushwa na upepo huo akafa. Mabango ya onyo yalikuwepo. Ndege ikikupa mkia na injini zikianza kuvuma, ondoka nyuma yake, na mtoto uliyekuja naye umshike mkono.