Mililita mbili tu: dawa ya kinga inapomdhuru mbwa

Mama mmoja wa Mikindani, hapa Mombasa, alifika kliniki kwetu saa tatu asubuhi, amembeba mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, kamfunga kwa leso kuukuu kama mwana mchanga.

"Daktari, yuwajigonga ukutani tangu alfajiri," akasema. "Naona hata mimi hanioni."

Nilimmulika tochi machoni. Mboni zilikuwa zimepanuka, na mwanga ulipozipiga hazikunywea hata kidogo. Udenda ulikuwa umeilowesha leso nzima, na miguu ya nyuma ilitetemeka kama ya mtu mwenye homa ya malaria. Nikauliza amekula nini. Hakuna. Amelamba sumu ya panya? Hakuna. Amepewa dawa yoyote?

"Dawa ya kupe tu. Nimemdunga mililita mbili tu."

Mikoba ya akina mama huwa na kila kitu: alikuwa na chupa yenyewe. Ilikuwa ivamektini ya asilimia 1, dawa halali kabisa ya kuua minyoo na wadudu wa mifugo, yenye picha ya ng'ombe kwenye lebo. Aliipata kwa jirani anayefuga.

Nifanye hesabu hapa, maana nilimfanyia na yeye pale mezani. Mililita moja ya dawa hiyo ina miligramu 10 za ivamektini, na ng'ombe hudungwa mililita moja kwa kila kilo 50 za uzani wake. Kwa hiyo mililita mbili ni dozi ya ndama wa kilo 100. Mtoto wa mbwa yule alikuwa na kilo 4. Ivamektini ambayo mbwa hupewa kila mwezi kuzuia minyoo ya moyo, ile inayoenezwa na mbu, ni mikrogramu 6 kwa kila kilo, yaani yeye angehitaji mikrogramu 24. Alipata 20,000. Ni zaidi ya mara 800. Hata bomba dogo la sindano, lile la wagonjwa wa kisukari, kistari chake kimoja cha dawa hiyo kina mikrogramu 100, mara nne ya alichohitaji. Kwa maneno mengine, dawa ya ng'ombe haipimiki kwa mbwa mdogo hata ukiwa na mkono mtulivu namna gani. Na linaloniuma zaidi ni kwamba kile kipimo cha minyoo ya moyo hakiui kupe. Alimtia mwanawe hatarini kwa kazi ambayo dawa hiyo, kwa kipimo salama cha kila mwezi, haiifanyi.

Sisemi hivi kumlaumu. Mombasa kumkinga mbwa ni lazima, na sote tunajua kwa nini. Bara kuna miezi ya baridi inayompunguza kupe kasi. Huku kwetu hana likizo. Kupe wa kahawia wa mbwa hukaa nyumbani, hapandi kutoka majanini tu. Jike akishashiba damu hushuka, hutafuta ufa na kutaga mayai elfu kadhaa, na kuta zetu za mawe ya matumbawe zina nyufa za kutosha ukoo mzima. Kupe hao huleta homa inayomaliza damu: fizi hupauka, mbwa hukataa chakula, mwingine hutokwa na damu puani. Mbu nao wana yao. Pwani hii ina historia ndefu ya minyoo ya damu inayoenezwa na mbu. Mmoja wao ulielezwa kitaalamu mwaka 1958 kutokana na mbwa na paka wa kisiwa cha Pate na ukapewa jina la kisiwa hicho. Kichaa cha mbwa sihitaji kukieleza. Kwa hiyo nikizungumza habari za madhara ya dawa, mtu asinielewe kwamba aache kinga.

Lakini yapo madhara ya kweli, hata pale mwenye mbwa alipofuata kila kitu sawasawa. Ni haki yake kuyajua kabla ya kulipa.

Tuanze na vidonge vya kutafuna vya kupe na viroboto ambavyo siku hizi vimejaa kwenye kliniki na agroveti. Tazama boksi: chini ya jina la biashara kuna jina la kiambato kwa herufi ndogo. Likimalizikia kwa herufi l-a-n-e-r, dawa ni ya ukoo huo. Hufanya kazi kwa kuvuruga mishipa ya fahamu ya kupe na kiroboto, na mishipa ya mbwa haiathiriki kwa urahisi namna hiyo. Kwa walio wengi ni dawa salama na nzuri. Mimi mwenyewe naziandika kila wiki. Hata hivyo, mnamo Septemba 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwa umma: baadhi ya mbwa na paka waliopewa dawa za ukoo huu walitetemeka, wakapepesuka au wakapata degedege, na wengine hawakuwa na historia yoyote ya kifafa. Dawa hazikuondolewa sokoni. Kilichobadilika ni maelezo ya kwenye boksi, na swali ambalo daktari anatakiwa akuulize: je, huyu amewahi kuanguka na kukakamaa? Asipokuuliza, mwambie mwenyewe. Na ukumbuke kwamba kipo kidonge cha mwezi mmoja na kipo cha wiki 12. Kikishamezwa na kusagika hakitolewi tena, kwa hiyo mbwa ambaye hajawahi kukitumia, mimi humwanzishia cha mwezi. Kutapika mara moja au kuharisha siku ya kwanza ndiyo shida ya kawaida zaidi, na mara nyingi hupita yenyewe.

Ivamektini nayo ina siri yake. Ubongo wa mbwa una kizuizi, na mlangoni pana pampu inayoitoa dawa nje kabla haijaingia. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waligundua kwamba mbwa wengi wa aina ya Collie wana kasoro ya kurithi katika jeni inayoitengeneza pampu hiyo. Kwao mikrogramu 100 tu kwa kilo yaweza kuwaangusha, ilhali mbwa mwingine angepewa kiasi hicho asijue. Collie ni wachache Mombasa, lakini German Shepherd tunao kila geti la Nyali, na baadhi yao wameirithi kasoro hiyo hiyo. Koko aliyechanganyika damu naye hana cheti cha kukwambia babu yake alikuwa nani. Kipimo kidogo cha kila mwezi hakiwadhuru hata hao; kinachowadhuru ni kipimo kikubwa, hasa kile cha kutibu upele.

Na mbwa mkubwa ambaye hajawahi kupata kinga ya minyoo ya moyo apimwe damu kwanza. Akiwa tayari ana vijidudu vingi vya minyoo hiyo damuni, dawa huviua kwa pamoja na mwili unaweza kushtuka vibaya saa chache baadaye.

Mambo mengine nitayapita haraka. Levamisoli ya mbuzi na kondoo si dawa ya minyoo ya mbwa. Pengo kati ya dozi na sumu ni jembamba mno kwake. Albendazoli ya binadamu imewahi kuharibu uboho wa mifupa ya mbwa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi ikizidi humfanya mbwa alale fofofo, moyo ukapiga polepole na sukari ya damu ikapanda. Nzuri ni kwamba hiyo ina dawa ya kuipinga, mradi ufike mapema na useme ukweli ulimwogesha nini. Chanjo inaweza kuvimbisha uso na midomo, na kwa nadra kumzimisha mbwa kabisa ndani ya dakika chache. Ndiyo maana tunakuomba ukae nusu saa kwenye benchi badala ya kukimbilia matatu.

Paka nao. Dawa za mbwa za kudondoshea mgongoni zenye pamethrini ni sumu kwa paka, maana ini lake haliwezi kuivunja. Paka si lazima apakwe: akilala ubavuni pa mbwa aliyepakwa, au akimlamba, yatosha. Katika mji huu, ambapo paka hana mwenyewe na yuko nyumba zote, ukimpaka mbwa mfungie mpaka manyoya yakauke.

Sasa lile ambalo naliona mara nyingi kuliko yote, na halimo kwenye kitabu chochote. Kwa wengi wetu mbwa hukaa uani, haingii ndani, na anayemlisha siye aliyemnunua. Bwana anatoa kidonge Jumamosi akiwa nyumbani. Jumapili soja anakuta boksi kwenye dirisha la jikoni, anakumbuka aliambiwa mwezi ukiisha mbwa ale dawa, naye anatoa. Vidonge hivyo vina ladha ya nyama. Mbwa hatakwambia jana alishakula. Zile kalenda za maduka tunazopewa kila Januari zina kazi hapa: ipachike nyuma ya mlango wa jikoni, atakayempa mbwa dawa aandike siku hiyo na aweke saini, na boksi lifungiwe kabatini.

Uzani je? Panda mizani umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Aliye mkubwa wa kutobebeka apelekwe kwenye mizani ya wauza vyuma chakavu. Watakucheka, lakini watakupimia. Kukisia kwa macho ndiko kulikotuletea mililita mbili. Wala usikate kidonge cha mbwa wa kilo 40 ukidhani robo yake ni dozi ya wa kilo 10, isipokuwa maelezo ya boksi yanaruhusu.

Mbwa akianza kutetemeka au kukakamaa baada ya dawa, yapo mambo yanayofanywa kwa nia njema yanayoongeza balaa. La kwanza ni maziwa. Wazee wetu walitufundisha kwamba maziwa huua sumu, na wengine huongeza mafuta ya kupikia au mayai mabichi. Ivamektini na zile dawa za ukoo wa laner huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo ukimnywesha vitu hivyo unaweza kuisaidia dawa iliyobaki tumboni kuingia mwilini. Tena mbwa asiyejitambua humeza kwa njia ya hewa, na maziwa yanaishia mapafuni. Usimtie kidole wala kijiko mdomoni. Hawezi kuumeza ulimi wake, ila wewe atakung'ata. Muondoe karibu na ngazi na kisima, zima taa na redio, tazama saa. Degedege likipita dakika 5, au likirudi kabla hajapata fahamu, ni dharura ya kuondoka sasa hivi. Mtu mwingine amrekodi kwa simu, maana mara nyingi mkifika kwetu ameshatulia na maelezo ya mdomo hayatoshi. Joto letu nalo linahitaji kuangaliwa: misuli inayokakamaa huchemsha mwili, basi mmwagie maji ya mferejini, mpepee, na usitumie barafu. Kama dawa ilikuwa ya kupaka, muoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu yasiyo ya moto.

Ivamektini haina dawa ya kuipinga. Mtoto wa mbwa wa Mikindani tulimwekea maji ya mshipa, tukamtuliza mitetemo, tukawa tunamgeuza kila baada ya saa chache asipate vidonda, na kumtia macho matone yasikauke. Siku tatu alikuwa kama tambara. Siku ya tano aligeuza kichwa aliposikia sahani. Siku ya sita nzi alipita mbele ya pua yake, na macho yakamfuata. Upofu wa dawa hii mara nyingi hurudi hivyo, polepole, kwa atakayevuka siku za mwanzo. Si wote wanaovuka.

Msinyamaze yakitokea. Mwaka 2004 sindano moja ya moksidektini, iliyokuwa ikimkinga mbwa na minyoo ya moyo kwa miezi 6, iliondolewa sokoni Marekani kwa ombi la ile mamlaka yao, kwa sababu wenye mbwa na madaktari walikuwa wakiripoti madhara. Ilirudi mwaka 2008 kwa masharti: daktari apate mafunzo kwanza, na mwenye mbwa aelezwe hatari zake na atie saini. Hapa Kenya anayesimamia dawa hizi ni Kurugenzi ya Dawa za Mifugo, na daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo anaweza kupeleka taarifa kwa niaba yako. Lakini hawezi kuandika "alipewa dawa fulani ya kupe". Tunahitaji boksi au chupa yenyewe, namba ya toleo iliyopigwa mhuri pembeni, tarehe ya mwisho ya matumizi, uzani wa mbwa, kiasi alichopewa, saa aliyopewa na saa dalili zilipoanza. Boksi lisitupwe mpaka muda wa dawa uishe, yaani hata wiki 12.

Mama wa Mikindani alikuja kumchukua mbwa wake siku ya tisa. Chupa alikuwa ameshamrudishia jirani mwenye ng'ombe. Nikampandisha mbwa mezani, mizani ikasema kilo 4 na gramu 300. Akaniomba kalamu, nikadhani anataka kutia saini. Akaiandika namba hiyo kiganjani mwake.