Siku 90 za Costa Blanca zinavyohesabiwa

Wiki iliyopita aliingia ofisini kwangu mzee mmoja mzaliwa wa Tanga, aliyeendesha mabasi Leicester hadi akastaafu. Ana fleti ndogo Torrevieja, mji wa pwani ya Costa Blanca, Uhispania, karibu na lile ziwa la chumvi lenye maji ya waridi. Akaweka pasipoti yake ya Uingereza mezani.

"Mwanangu, jirani yangu Mjerumani anakaa hapa mwaka mzima, hakuna anayemuuliza. Mimi naambiwa nimebakiwa na siku tatu. Kwani nyumba si yangu?"

Nyumba ni yake, tena kainunua kwa jasho lake. Ila hati ya nyumba haimpi mtu ukaazi, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Hadi 31 Desemba 2020, kipindi cha mpito cha Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya kilipoisha, yeye na jirani yake walikuwa na haki sawa. Waingereza waliokuwa wakaazi halali Uhispania kufikia siku hiyo walibaki na haki zao. Wengine, tangu 1 Januari 2021, ni wageni wa siku 90 ndani ya siku 180. Tena si Uhispania peke yake: ukienda Paris kutembea au Berlin kwenye harusi ya mpwa wako, siku hizo zinatoka kwenye fungu lilelile la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao. Mjerumani naye hakai kiholela. Akipitisha miezi mitatu anatakiwa ajisajili, aonyeshe kipato na bima ya afya, ndipo apewe kile kikaratasi cha kijani.

Mzee alikuwa ameshakata tiketi: aende Leicester wiki moja, arudi Februari aanze siku 90 mpya. Nikamwomba tukae kwanza na kalenda mbili, ya mwaka jana na ya mwaka huu, na penseli.

Aliingia 1 Novemba. Siku ya kuingia inahesabiwa nzima hata ukitua saa tano usiku, na ya kutoka vilevile. Novemba 30, Desemba 31, jumla 61. Siku ya 90 inaangukia 29 Januari. Kuvuka mpaka hakufuti kitu, kwa sababu kila siku unayokuwapo huhesabiwa kurudi nyuma siku 180. Tukasogeza penseli taratibu mpaka ile 1 Novemba ikatoka nje ya hesabu: 30 Aprili. Kabla ya hapo hana hata siku moja ya kurudi. Zamani muhuri uliofifia uliweza kuleta ubishi, lakini EES, mfumo wa kielektroniki wa kusajili wageni wanaoingia na kutoka Schengen, ulioanza 12 Oktoba 2025, unachukua uso na alama za vidole, na kompyuta ndiyo inayohesabu.

Kwa anayetaka kukaa zaidi bila kufanya kazi, ipo viza maalumu. Huombwa ukiwa bado Uingereza, na sharti lake zito ni kipato: mara nne ya IPREM, kile kipimo rasmi cha kipato cha Uhispania, yaani euro 2,400 kwa mwezi, na 600 zaidi kwa kila mtegemezi. Ukizidisha siku 183 kwa mwaka, jiandae pia kwa kodi ya Uhispania.

Mzee aliitazama kalenda muda mrefu. Kisha akaniomba kalamu nyekundu, akaizungushia mwenyewe 30 Aprili, na tukaanza kupanga karatasi zake za pensheni kwa ajili ya maombi ya viza.