Chumvi ni ya Nani?

Katika tafsiri ninazohariri, sentensi moja hurudi tena na tena: "Pokea habari hizi kwa chembe ya chumvi." Kila nikiikuta naifuta. Mswahili akisikia habari ina chumvi, anajua msimuliaji ndiye aliyeitia, ameongeza yasiyokuwepo. Kwa Waingereza, wanaposema "take it with a pinch of salt", mwenye chumvi ni msikilizaji: anaonywa asiamini yote anayoambiwa. Chumvi ni ileile, ila mikono imebadilishana. Ukiitafsiri neno kwa neno, msomaji wako atadhani anaruhusiwa kukoleza uongo. Mimi huandika, "Sikiliza, lakini usimeze kila kitu."

Msemo huo wa Kiingereza wa chumvi kwa kawaida huhusishwa na Pliny, mwandishi wa Roma ya karne ya kwanza. Alieleza dawa ya Mfalme Mithridates ya kujikinga na sumu: kokwa 2 kavu za jozi (walnut), tini 2 na majani 20 ya mmea mchungu, vyote vikitwangwa pamoja na chembe ya chumvi.

Kinachonishughulisha zaidi ni shaka inamwangukia nani. Chumvi ya Waingereza hugusa habari, mtu akabaki na heshima yake. Lakini "he's talking through his hat" humgusa mwenyewe: anaropoka, hajui asemalo. Mkalimani akichanganya hayo mawili, amemtukana mtu ambaye hakutukanwa. Kinyume chake ni "with respect". Wanasheria wanaijua vizuri, hata wa mahakama zetu: kwa maneno ya adabu, wakili anasema hakubaliani nawe. Akisema "with the greatest respect", pingamizi limezidi, wala heshima haijaongezeka.

Wamarekani nao wana "I'm from Missouri". Mwaka 1899, mbunge wa jimbo hilo, Willard Vandiver, akihutubia Philadelphia, alisema ufasaha mtupu haumridhishi. Yeye anatoka Missouri, sharti aonyeshwe. Hapo jina la jimbo nalitupa bila kusita: "Nikiona ndipo nitaamini."

Inayonitoa jasho ni "if you say so". Maneno yenyewe yanakubali, shaka yote iko kwenye sauti, na karatasi haina sauti. Nilijaribu "kama unasema hivyo", ikatoka baridi. Siku hizi naandika, "Haya, umesema wewe."