Maumivu yameisha, mbona bado unachechemea?

Swali hili linakuja sana hapa kwetu fiziotherapia. Mtu aliteguka enka wiki kadhaa nyuma, uvimbe umeshuka, ukimbonyeza haumii, ila mwambie atembee mpaka mlangoni uone anavyoukwepa ule mguu. Nyumbani wanasema anadeka. Hadeki jamani, ubongo wake ulibadilisha mpango wa kutembea siku ile alipoumia na mpaka leo haujaurudisha wa zamani.

Kuna sehemu ya haraka kwanza. Ukikanyaga msumari mguu unanyanyuka kabla hujajua hata umekanyaga nini, kwa sababu ile kazi inamalizwa na uti wa mgongo, ubongo hausubiriwi, na mguu wa pili unakaza papo hapo usije ukaanguka. Charles Sherrington, yule Mwingereza aliyepata Nobel ya tiba mwaka 1932, alitumia miaka mingi kuchambua mambo haya. Maumivu yenyewe nayo yanafika kwa awamu mbili, ule mchomo mkali unapita kwenye neva zenye spidi kama mita 5 mpaka 30 kwa sekunde, halafu lile la kufukuta linakuja taratibu, chini ya mita 2 kwa sekunde, ndo maana ukijigonga kidole cha mguu kwenye kitanda kuna kale kamuda unauma meno unasubiri kabisa kinachokuja.

Ila usidhani ubongo umekaa pembeni tu. Mama ameshika sufuria ya uji wa moto na mtoto anatambaa hapo miguuni, vidole vinaungua na haachii, ataifikisha chini kwanza ndo apige kelele. Amri ya kutoachia imetoka juu na imeizidi ile ya uti wa mgongo.

Sasa twende kwenye ubongo wenyewe. Mwaka 1985 kule Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake walionyesha kwamba ukiweka koili, yaani waya uliozungushwa, juu ya kichwa cha mtu ukapiga pigo la sumaku, mkono unaruka wenyewe, bila yeye kutaka na bila kumuumiza. Ukipima msuli umeruka kiasi gani, unapata picha ya njia ya amri kutoka kwenye ubongo mpaka kwenye msuli iko tayari kiasi gani. Watafiti wakaiunganisha na maumivu: mtu mzima mwenye afya anachomwa kwenye msuli maji ya chumvi kali, kama asilimia 5 au 6 (dripu ya kawaida ya hospitali ni 0.9), anaumia dakika chache halafu yanaisha yenyewe, msuli uko salama. Mara nyingi akiwa anaumia ule mruko unapungua, yaani breki imekanyagwa, na kinachonishangaza mimi kila nikikisoma ni kwamba maumivu yakishaisha kabisa, mtu anakwambia siumii tena, mruko bado unaweza kuwa mdogo kwa muda.

Na siyo kupunguza tu. Paul Hodges na Kylie Tucker wa Australia waliandika mwaka 2011 kwamba ubongo unagawa kazi upya: unamwambia mtu abane msuli kwa nguvu ileile ya mwanzo, anaweza, ila ndani yake nyuzi zinazofanya kazi siyo zote zilezile. Kwa nje huoni kitu. Kwa hiyo mtu anabeba ndoo yake ya maji kama kawaida anasema nimepona, kumbe mzigo umehamia sehemu ambayo haijazoea, na mwezi unaofuata anakuja na nyonga.

Kwa siku chache huo mgao mpya ni msaada, unalinda palipoumia. Shida ni ukibaki. Mwaka 1996 Julie Hides na wenzake, nao Australia, walifuatilia watu walioumwa mgongo kwa mara ya kwanza, maumivu yakaondoka ila msuli mdogo wa ndani uitwao maltifidasi haukurudi kwenye saizi yake wenyewe, ulirudi vizuri zaidi kwa waliofanyishwa mazoezi maalum. Goti nalo ndo hivyohivyo, tena hata likijaa maji tu bila kuuma sana, paja linapunguziwa amri na linaanza kusinyaa.

Sasa ufanye nini. Dawa ya maumivu uliyoandikiwa itumie ili uweze kusogea, siyo ili ulale vizuri siku nzima. Tembea umbali mfupi mbele ya kioo, taratibu, kisigino kitangulie, na hatua za miguu yote miwili zilingane. Enka ikitulia simama kwa mguu ule ukiwa unapiga mswaki, karibu na ukuta, maana aliyeteguka mara moja yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuteguka tena.

Ila kama umeteguka leo na huwezi kupiga hata hatua nne, au mfupa wa enka unauma ukiubonyeza kwa nyuma, usianze mazoezi, nenda upigwe eksirei. Na mgongo ukiambatana na ganzi sehemu za siri au mkojo kugoma au kutoka wenyewe, nenda emajensi usiku huohuo, usingoje kliniki ya Jumatatu.