Hakimiliki Haingoji Muhuri

"Hadithi si yako mpaka uisajili." Maneno haya nayasikia sana kwa waandishi wenzangu, na yananiuma, maana wapo wanaofungia kazi zao kabatini kwa kukosa ada tu.

Nadhani tunachanganya na nyumba. Hati ya nyumba yangu naitunza kwenye bahasha ya kaki, chini ya nguo za watoto, na bila hati kiwanja kinaweza kukuzungusha mahakamani miaka. Maandishi ni kitu kingine. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, hapa Tanzania, kazi inalindwa kwa kule kutungwa kwake. Usiku watoto wakishalala, naandika kwenye kurasa zilizobaki za daftari la hesabu la mwanangu. Aya ile ni yangu papo hapo, hata kabla wino haujakauka. Ila wazo tupu halilindwi. Kinacholindwa ni maneno ulivyoyapanga.

Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kuna faida: ukiibiwa, una ushahidi mkononi. Ukiweza, sajili.

Kubwa zaidi, hakimiliki hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo, na watoto huirithi kama wanavyorithi nyumba. Kwa hiyo mchapishaji akikuletea mkataba, tafuta kwanza kipengele kinachohamisha hakimiliki. Ukisaini kuuza haki zote kwa malipo ya mara moja, umeuza na sehemu ya wanao.