Kutua shambani si kioja

Nimetumiwa tena ile video. Si ileile hasa, maana hubadilika, ila mtindo ni mmoja: ndege ndogo ya mafunzo imekaa katikati ya shamba, pua imeinama, watoto wamejazana chini ya bawa, na mtangazaji anasoma habari huku akibana kicheko. Nyuma yake wamepachika muziki wa vikaragosi. Shemeji aliyenitumia akaongeza swali ambalo nimeshalijibu harusini, matangani na kwenye foleni ya benki: "Shem, na uwanja ulikuwa hapo tu, mbona asirudi?"

Nafundisha urubani pale Wilson, uwanja wa ndege ndogo jijini Nairobi. Mtu akishuka shambani injini imezima, kisha akatoka kwa miguu yake mwenyewe, amefanya kazi aliyofundishwa, na ameifanya vizuri. Na hilo swali la "mbona asirudi", linaloulizwa kwa kicheko, ndilo linaloua marubani.

Nianze na hili la ndege kudondoka kama jiwe, nilimalize upesi. Injini haiishikilii ndege angani. Mabawa ndiyo yanayoishikilia, na yanachotaka ni mwendo. Injini ikikata, unashusha pua na urefu unageuka kuwa mwendo, kama baiskeli inayoteremka Ngong bila kupigwa pedali. Cessna 172, ambayo wengi wetu tunafundishia, husonga mbele futi 9 hivi kwa kila futi 1 inayoshuka. Ukiwa futi 3,000 juu ya ardhi na upepo umetulia, una kilomita 8 hivi za kutafuta pa kushukia na kama dakika nne za kufikiri. Dakika nne ni nyingi. Katika muda huo mwanafunzi wangu anajaribu kuiwasha tena injini, anatazama moshi wa jikoni au vumbi linaelekea wapi ili ajue upepo, anaangalia matuta ya shamba yamelala upande gani, na anatafuta nguzo za stima. Anatafuta nguzo, si nyaya. Nyaya huzioni hadi umeshachelewa, lakini nguzo huonekana, na kati ya nguzo mbili daima pana waya.

Wapo pia wanaocheka wakisikia kwamba injini ilizimwa na barafu. Barafu Nairobi? Ndiyo. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta, joto mle ndani linaweza kushuka kwa nyuzi 20 na zaidi. Asubuhi ya Julai yenye ukungu, nje kukiwa na nyuzi 15, barafu huota mle ndani na kuziba njia ya hewa. Ndiyo maana mbele ya rubani pana kishikio cha kuingiza hewa moto.

Na mwanafunzi si mtu aliyeokotwa barabarani. Akiwa na mimi, kila mmoja ana usukani wake na pedali zake. Akiruka peke yake, nimetia saini kwamba anaweza. Basi.

Sasa turudi kwenye kurudi. Ndege imeruka, iko futi 400, injini inakata. Aliye chini anaona ni suala la kugeuka tu. Lakini ukigeuka digrii 180, unajikuta sambamba na njia ya kurukia, pembeni yake. Ili uipate lazima upitilize hizo 180, kisha uilaze ndege upande wa pili ujinyooshe nayo. Yote hayo unayafanya ukiwa unashuka, na baada ya kupoteza sekunde kadhaa za mwanzo umeduwaa, kwa maana kila binadamu huduwaa.

Ukigeuka taratibu, urefu unaisha kabla mzunguko haujaisha. Ukigeuka kwa nguvu, mwendo wa kustoli, yaani ule ambao chini yake bawa halibebi tena ndege, unapanda. Cessna inayostoli kwenye noti 50 hivi (noti ni maili ya baharini kwa saa) mabawa yakiwa sawa, ukiilaza digrii 45 inastoli karibu na 60, na ukiilaza digrii 60 inastoli karibu na 70. Mwendo wake mzuri wa kuelea bila injini ni 65. Piga hesabu mwenyewe uone nini kinabaki.

Kisha upepo. Uliruka ukiukabili, ukigeuka, unakusukuma mgongoni. Ardhi inakimbia chini yako na macho yanakudanganya kwamba una mwendo wa kutosha. Paa za nyumba zinakaribia, na mkono wenyewe unavuta usukani. Bawa moja linastoli kabla ya lingine, ndege inajipindua, na kutoka futi 200 hakuna mwalimu duniani anayeweza kuiokoa. Aliyeshuka mbele, hata akivunja gurudumu na propela, hugusa ardhi mabawa yakiwa sawa na mwendo ukiwa mdogo kadiri inavyowezekana. Huyo ndiye anayeonekana kwenye video, amesimama kando ya ndege anaongea na simu. Yule mwingine hana video ya kuchekesha.

Hapa kwetu hesabu ni ngumu zaidi. Wilson iko futi 5,536 juu ya bahari. Mchana wa Februari wenye nyuzi 27, joto huifanya hewa kuwa nyepesi zaidi, na ndege inafanya kazi kana kwamba iko futi 8,000 na ushei. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, imeshapoteza karibu robo ya nguvu zake, kwa hiyo unafika mwisho wa uwanja ukiwa chini kuliko mwenzako wa Mombasa. Na kwa mwendo uleule unaousoma kwenye saa ya mwendo, unakwenda kasi kuliko yeye, hivyo mzunguko wako unakuwa mpana. Aliyezoea pwani akija kugeuka huku hupata asichokitarajia.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni hiki. Wanafunzi wangu ni vijana, wanaishi kwenye simu, na vichekesho hivi vinawafikia kabla havijanifikia mimi. Juu ya tambarare za Konza nilimpunguzia mmoja nguvu ya injini bila kumwambia. Mbele yake palikuwa na uwanda wa nyasi unaoweza kupokea ndege kumi. Shingo yake ikawa inageuka nyuma tu, kuelekea mjini. Nikamuuliza anatafuta nini. "Mwalimu, nikishuka pale si nitakuwa meme?" Hakuwa anatania. Alikuwa anaogopa vitu viwili, ardhi na aibu, na aibu ilikuwa mbele. Siku injini itakapokata kweli, aibu hiyo ndiyo itakayomgeuza.

Beryl Markham alijifunza urubani hapahapa Nairobi, kwa Tom Campbell Black. Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi. Injini ikakata kwa kukosa mafuta, akashuka kwenye matope kisiwani Cape Breton, Kanada, na ndege ikachomeka pua. New York wakampokea kwa shangwe. Walielewa kwamba aliyefika ardhini akiwa hai bila injini ana jambo la kufundisha.

Wala si kwamba waandishi wetu hawawezi. Machi 2024, Cessna ya mafunzo ilipogongana na ndege ya abiria juu ya Mbuga ya Nairobi na waliokuwa kwenye Cessna wakafa, niliwaona wakiuliza juu ya urefu, mnara wa kuongozea ndege na mpangilio wa njia za anga. Hayo ndiyo maswali. Kwa nini yasubiri mazishi?

Sasa niseme yasiyoandikwa vitabuni. Zoezi tunalolifanya si sawa na jambo lenyewe. Mimi huacha injini ikiunguruma polepole. Injini iliyokufa huacha propela ikizungushwa na upepo, na hiyo huvuta ndege nyuma zaidi. Kwa hiyo mwanafunzi anaondoka kwangu akiamini ndege yake huelea mbali kuliko itakavyoelea kweli, na maneno yangu hayamtoi imani hiyo kama ambavyo mkono wake ungemtoa. Pia hatuafikiani juu ya urefu ambao kurudi kunaanza kuwa na busara. Kuna walimu ninaowaheshimu wanaosema futi 700, wengine 1,000, na mmoja mzee sana husema usiulize kabisa. Mimi husema 1,000 kwa ndege zetu na joto letu, lakini namba hiyo nimeifikia kwa kujaribu huku juu angani, penye nafasi ya kukosea, na mwanafunzi akijua kinachokuja. Kwa mtu aliyeshtuka kweli, huenda hata 1,000 ni kidogo.

Siku hizi kabla ya kuruka namtaka kila mwanafunzi aseme kwa sauti atashuka wapi injini ikikata. Kwenye njia ya kurukia namba 14 jibu ni rahisi: mbele ni mbuga, uwanda na nyasi, paa ni chache. Watu hupenda mzaha wa rubani na simba, lakini akikaa ndani, afunge mlango, aite mnara kwa redio, simba si tatizo lake kubwa siku hiyo. Kwenye njia namba 07 mbele ni South C, mtaa uliojaa nyumba. Hapo mwanafunzi hunyamaza, nami namwachia muda, kisha tunatafuta pamoja: kiwanja kilicho wazi, kipande cha barabara, popote ambapo mabawa yatafika yakiwa sawa. Tulichokipata mpaka sasa hakijaniridhisha, na kila upepo ukiruhusu naomba 14.