Bartók na silinda za nta: mtunzi aliyejifunza upya lugha ya nyumbani

Kazi yangu ni kunukuu nyimbo. Naletewa rekodi ya bibi anayeimba, nami nakaa nayo siku mbili tatu mpaka kila sauti yake ipate nota yake kwenye karatasi. Katika kazi hii kuna mtu ambaye huwezi kumkwepa, naye ni Béla Bartók wa Hungaria. Wengi wanamjua kama mtunzi wa muziki mgumu wa piano na okestra. Mimi namjua kwanza kama mnukuzi, na naamini kabisa kwamba ukiiacha kazi hiyo ya kunukuu, muziki wake hautakufungukia.

Alizaliwa tarehe 25 Machi 1881 huko Nagyszentmiklós, mji mdogo ambao wakati ule ulikuwa ndani ya Ufalme wa Hungaria na leo uko Romania. Baba yake, mkuu wa shule ya kilimo, alifariki Béla akiwa na miaka saba. Mama yake, Paula, alikuwa mwalimu, na ndiye aliyemfundisha piano. Akahama na watoto wake kufuata kazi: Nagyszőlős, ambayo leo iko Ukraine, kisha Pozsony, ambayo leo ni Bratislava, mji mkuu wa Slovakia. Ishike akilini ramani hiyo, maana itarudi kumuumiza.

Mwaka 1899 aliingia Chuo cha Muziki cha Budapest. Alikuwa kijana mzalendo wa kupindukia, na mwaka 1903 alitunga shairi la okestra, yaani muziki wa okestra unaosimulia kisa bila maneno, la kumsifu Kossuth, shujaa wa mapinduzi ya 1848. Lakini muziki aliouita wa Kihungari ulikuwa upi? Ulikuwa ule uliopigwa na bendi za Waroma, yaani Wajipsi, kwenye mikahawa ya mjini. Hata Liszt, mtunzi mkubwa kabla yake, aliuchukua huo kuwa ndio muziki wa asili. Kumbe nyingi ya nyimbo hizo zilitungwa na wasomi na mabwana wa karne ya 19, na bendi zilizipamba tu. Mkulima wa Kihungari alikuwa na nyimbo nyingine kabisa, ila ni mabwana wachache sana waliokuwa wamemwomba aimbe.

Kiangazi cha 1904 Bartók alikuwa mapumzikoni kijijini, Gerlice puszta, akifanya mazoezi ya piano. Katika nyumba hiyo alimsikia mtumishi, binti aitwaye Lidi Dósa kutoka Kibéd huko Transilvania, eneo ambalo leo liko Romania, akiimba wimbo wa tofaa jekundu. Bartók akauandika, kisha akamwomba amwimbie nyingine. Mwaka uliofuata alikutana na Zoltán Kodály, ambaye tayari alikuwa amekwenda vijijini kukusanya, na kwa Kodály akajifunza namna ya kufanya kazi hiyo kisomi. Mwaka 1906 walitoa pamoja kitabu cha nyimbo 20, kila mmoja akipanga kumi.

Chombo chao kilikuwa fonografu ya Edison. Ni kisanduku chenye pembe ya bati na silinda ya nta. Mwimbaji anasogeza mdomo kwenye pembe, sauti inatikisa utando, utando unasukuma sindano, na sindano inachimba mfereji ndani ya nta. Silinda moja ilibeba kama dakika mbili tu, kwa hiyo wimbo mrefu haukuingia wote. Ubeti wa kwanza na wa pili vilirekodiwa, na maneno yaliyobaki yaliandikwa kwa mkono. Na nta ni laini, hivyo kila ukiirudia silinda, sindano inakula kidogo ya ile sauti. Mimi narudisha kipande cha sekunde tatu mara hamsini bila kufikiri. Yeye kila aliporudia alikuwa anatumia kitu kisichorudi.

(Mwaka huohuo wa 1906, Mjerumani Karl Weule alikuwa na fonografu kama hiyo kusini mwa Tanzania ya leo, Masasi na Newala, akirekodi nyimbo za huko. Weule alirudi Ujerumani na silinda zake. Bartók alirudi vijijini mwaka baada ya mwaka, na ndiyo maana masikio yake yalibadilika.)

Kupata wimbo kulikuwa kazi kuliko kurekodi. Kuna barua yake ya Agosti 1907 kwa mpiga violini Stefi Geyer, aliyoiandika kwa mtindo wa mazungumzo ya mgeni na mama wa kijijini. Mgeni anaomba wimbo wa zamani, wa wazee. Mama anasema hajui, kisha anatoa wimbo wa dini, kisha wimbo uliokuja kutoka mjini. Yeyote aliyewahi kwenda na kinasa sauti kwa bibi yake ataitambua barua hiyo mara moja. Mtu haamini kwamba kile anachokiimba jikoni ndicho msomi alichokifuata.

Safari hiyo ya 1907, katika eneo la Wasekei, Wahungari wa huko Transilvania, ndiyo iliyompa ugunduzi mkubwa: nyimbo kongwe za Kihungari zimejengwa juu ya skeli, yaani ngazi ya sauti, yenye sauti tano. Msomaji anayejua ushairi wa Kiswahili atauelewa mfumo wake kwa urahisi. Ubeti una mishororo minne, na katika nyimbo nyingi mizani ni sawa mshororo kwa mshororo, mathalani sita, nane au kumi na mbili. Sauti inaanzia juu na kushuka. Katika nyimbo nyingi za aina hii mishororo miwili ya mwisho inarudia ghani, yaani mwendo wa sauti, ya miwili ya kwanza, ila imeteremshwa hatua tano chini. Mwimbaji hafuati pigo la ngoma bali anakwenda kama anayesema, akivuta neno hapa na kuliharakisha kule. Bartók aliuita huo mtindo wa zamani. Mtindo mpya, waliouimba zaidi vijana, ulikuwa na mwendo wa kucheza, na mshororo wa mwisho ulirudi kwenye ghani ya mshororo wa kwanza.

Ili kulinganisha nyimbo maelfu, alizihamisha zote ziishie kwenye nota moja, G, kisha akazipanga kwa nota ambayo kila mshororo unaishia, idadi ya mizani na mapigo. Inasikika kama kazi ya karani. Lakini kwa njia hiyo nyimbo mbili zilizoimbwa vijiji viwili vya mbali, kwa maneno tofauti, zinajikuta kwenye ukurasa mmoja, nawe unaona ni mtu na dada yake. Sijui furaha nyingine katika kazi yangu inayofanana na hiyo.

Hakuishia kwa Wahungari. Alikusanya kwa Waslovakia, na kwa Waromania zaidi ya nyimbo 3,000, akijifunza lugha zao. Mwaka 1913 alifika Biskra, Aljeria, akarekodi ngoma na ghaita, ambayo ni ndugu wa zumari yetu ya pwani. Mwaka 1936 alikwenda Uturuki pamoja na mtunzi Ahmed Adnan Saygun, na katika wimbo wa kwanza kabisa, alioimbiwa na mzee wa miaka 70, akasikia ghani inayofanana na ya zamani ya Kihungari.

Sasa irudie ile ramani. Mwaka 1920 Mkataba wa Trianon, mkataba wa amani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, uliikata Hungaria, na vijiji vyake vingi alivyovipenda vikawa nchi nyingine. Mwaka huohuo alichapisha makala kuhusu muziki wa Waromania, na magazeti ya Budapest yakamshambulia kuwa si mzalendo. Baadaye upande wa Romania nao wakamtuhumu kupendelea Wahungari. Yeye alikuwa ameandika alichokisikia. Mwaka 1942, vita ikiendelea, alichapisha makala akisema kwamba nyimbo za jirani hutajirika kwa kuchanganyikana, na kwamba anayetafuta muziki safi usioguswa na wageni anatafuta umaskini. Kwa mtu aliyeanza kama Bartók wa 1903, huo ni mwendo mrefu mno.

Na utunzi wake? Yeye mwenyewe alieleza njia tatu. Ya kwanza, unachukua ghani ya kijijini jinsi ilivyo na kuiwekea muziki wa kuisindikiza, kama alivyofanya katika Ngoma za Kiromania za 1915. Ya pili, unabuni ghani yako kwa kuiga ile. Ya tatu, hakuna ghani ya kijiji wala ya kuiga, lakini muziki mzima umejaa hewa yake, kwa sababu mtunzi ameimiliki lugha hiyo kama lugha mama. Hapa ndipo penye Bartók mkubwa. Wengine husikia ukali tu. Mimi nikisikia sehemu za polepole za kwarteti zake, muziki wa ala nne za nyuzi, namsikia mwimbaji anayevuta neno.

Mwaka 1934 aliacha kufundisha piano ili afanye kazi ya nyimbo katika Akademia ya Sayansi ya Hungaria. Alichukua silinda za ujana wake na kuzisikiliza upya, akaona kanukuu vibaya, akasahihisha mpaka vile visauti vidogo vinavyotetemeka kati ya nota na nota. Nampenda zaidi kwa miaka hiyo kuliko kwa kitu kingine chochote.

Oktoba 1940 aliondoka kwenda Marekani na mkewe Ditta, akichukia ufashisti uliokuwa ukiisogelea nchi yake. Katika wosia wake alikataza jina lake lisipewe mtaa wowote Hungaria maadamu kuna mitaa yenye majina ya Hitler na Mussolini. Huko New York, Chuo Kikuu cha Columbia kilimpa kazi ya kunukuu rekodi za nyimbo za Waserbia na Wakroati. Saratani ya damu ikamdhoofisha. Mwaka 1943 Serge Koussevitzky, kiongozi wa okestra, alimfuata hospitalini kumwagiza kazi ya okestra, naye akaiandika Konseto ya Okestra kwa takriban wiki nane, katika mji wa Saranac Lake. Alifariki tarehe 26 Septemba 1945, ikiwa vimebaki vipimo 17 tu (yaani sekunde chache za muziki) kumaliza kupanga okestra ya konseto yake ya tatu ya piano, kazi ya piano ikipigwa pamoja na okestra.

Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekabidhi Columbia miswada ya nyimbo za Kiromania na za Kituruki, kwa kuwa hakuna mchapishaji aliyeitaka. Aliiacha hapo kwa ajili ya watu wachache watakaoihitaji. Za Kiromania zilianza kuchapishwa mwaka 1967, na za Kituruki mwaka 1976.